Siku ya Thelathini na Nne: Risala ya Wakulima wa Zabibu wa Nimbalwadi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakimu Kolhatkar. Mkuu wa Kijiji. Wazazi wetu na wageni wote, namaskar.

MAKARIBISHO
Sisi wakulima arobaini na mmoja wa Nimbalwadi, wilaya ya Nashik, tunakukaribisha utufungulie ofisi ya msaada wa kisheria. Ni chumba kimoja, na chokaa haijakauka, hivyo tunaomba usiegemee ukuta.

HISTORIA
Miaka mitatu iliyopita tulimuuzia mavuno yetu mfanyabiashara Prataprao Dhokle. Alitupa hundi za Aprili, akatusihi tusizipeleke benki hadi Julai. Tulizipeleka zikiwa zimebakiza siku chache kuisha muda. Zote zikarudi: akaunti haina fedha.

Sheria unaijua kuliko sisi. Hundi ikirudi, mdai ana siku thelathini za kumwandikia barua ya madai aliyeitoa hundi. Zikipita, mashtaka ya jinai hayafunguliki tena. Sisi hilo hatukulijua. Na siku mbili baada ya hundi kurudi, mama yake Dhokle alifariki.

Mheshimiwa, huku kwetu mtu hadaiwi msibani. Tulivaa nyeupe, tukakaa naye chini siku kumi na tatu. Zilipokwisha, akaunganisha viganja na kutuomba tusubiri ibada ya kutimiza mwezi tangu kifo. Tukasubiri. Tulifika kwa wakili siku ya thelathini na nne tangu hundi zirudi. Alizitazama hundi zetu, akazisukuma upande wetu wa meza. "Jinai imeshakufa hapa," alisema. "Fungueni madai ya kawaida, wajukuu wenu watakwenda kusikiliza hukumu."

Mmoja tu hakusubiri: Tulsabai Gaikhe, mjane wa miaka sitini na saba. Yeye alituma barua yake siku ya tisa ya msiba. Tulimsema sana. Mwenyekiti wetu alimsimamisha njiani, akamwuliza, "Dada, majivu ya mama wa watu hayajapoa, wewe umeshakimbilia wakili?"

"Marehemu simdai," akajibu. "Namdai mwanawe, na yeye naona chakula kinapita vizuri tu."

Kwa neno hilo tulimtenga. Harusi mbili zilipita hapa kijijini bila yeye kualikwa.

MAFANIKIO
Tumejifunza kuhesabu siku. Mengine hatuna.

CHANGAMOTO
Kati ya kesi arobaini na moja, iliyo hai ni ya Tulsabai peke yake, nayo iko katika mahakama yako. Ameitwa mara kumi na tisa. Mara nne alikuta hakimu yuko ziarani. Benki inayomdai itapiga mnada shamba lake mwezi ujao, na hana kitu kingine cha kuliokoa isipokuwa hukumu hiyo.

MAOMBI
Kiti kile kitupu cha mbele ni chake. Juzi tulikwenda kumwalika ili tumwombe radhi mbele ya watu wote. Akacheka. "Nitakuja vipi, wanangu? Siku hiyo mnayosema, kesi yangu inafunga ushahidi."

Hapo ndipo tulipogundua tumemwita hakimu wake. Tulimweleza kwamba utakuwa huku. Akasema karani alishamwonya: asipoonekana, kesi itafutwa. Amepanda basi la alfajiri. Sasa hivi yuko kwenye benchi, nje ya chumba chako kilichofungwa.

Tulikuwa tumekuandikia maombi saba, likiwamo la umeme. Sita tumeyafuta asubuhi hii.

Sasa ni saa saba mchana. Mahakama hufungwa saa kumi na moja, na mwendo ni saa moja na nusu. Dereva wako ameshakula. Utepe ataukata mwenyekiti. Puran poli zako, mikate mitamu ya dengu, tumezifunga kwenye sahani ya majani, utakula njiani. Tuliwahi kuona haya siku thelathini na nne, Mheshimiwa, tukapoteza kila kitu. Leo hatuoni haya kumfukuza mgeni.

Mungu akupe njia isiyo na malori, na amwezeshe Tulsabai kuketi pale mpaka akuone ukiingia.

Ni sisi,
Umoja wa Wakulima wa Zabibu, Nimbalwadi.
Imesomwa na Ketaki Shirsath, Katibu.