Mama Fidélie Ngalula na Meza ya Mapambo ya Kale

Tunawaomba radhi wasomaji wa jarida hili la wafanyakazi. Tangu Pasaka hatujaandika neno, kwa sababu tulitaka kumuaga Mama Fidélie Ngalula na kumtaja mrithi wake katika ukurasa mmoja. Mrithi bado hajateuliwa, na si adabu kumweka mstaafu akingoja shukrani.

Mama Fidélie alistaafu tarehe 31 Mei mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Nyumba ya Mapambo ya Kikula, inayovalisha maharusi wa mji wetu. Alianza kwa kushona shela za maharusi. Baadaye alikabidhiwa meza ya dirishani, ambako familia za Likasi huleta broshi, vidani na hereni za bibi zao ili wajue vilitengenezwa lini na wapi. Si dhahabu wala almasi. Ni kioo, bati na shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Hata hivyo, bibi harusi wa hapa havai pambo la ukoo bila kueleza lilikotoka.

Adui wake mkubwa alikuwa ndimu. Mji wetu ni wa shaba, na nyumba nyingi husugua sahani zao za ukutani kwa ndimu na majivu kabla ya sikukuu. Watu wakayafanyia mapambo vivyo hivyo: rangi ikabanduka, chapa zikafutika, vito vya kioo vikaingiwa na weusi. Mama Fidélie hakuwakaripia. Aliwaambia tu kwamba sahani ni sahani.

Akiletewa pambo, kwanza aliligeuza, kwa maana mbele hupendeza na nyuma husema kweli. Kisha aligusisha shanga mdomoni: kioo hubaki baridi, plastiki hupata joto upesi. Akikuta chapa ya Ujerumani Magharibi alitabasamu, kwa kuwa nchi hiyo haipo tena kwenye ramani na miaka yake inajulikana.

Mwaka jana ililetwa broshi ya Estelle, aliyekuwa karibu kuolewa. Shangazi zake walisema ilitoka Kasai na nkambo wao, bibi wa ukoo aliyemfuata mumewe alipoandikishwa kazi ya mgodini. Upande wa mama ulisema ilinunuliwa hapa Likasi na mama yake Estelle. Haikuwa hoja ndogo: wenye broshi ndio wangemvalisha bibi harusi.

Mama Fidélie akaigeuza, akaona pini yenye kifungio cha siku hizi, akatamka kwamba si ya kale. Mama mdogo mmoja hakungoja.

«Nkambo yenu alishukaka mu treni na broshi ya kesho?»

Watu wakacheka. Ndipo Carine, mwenzake wa meza ya pili, ambaye naye alianzia kushona shela, akaonyesha kovu la kulehemu. Pini ilikuwa imebadilishwa, na kando yake palibaki alama ya kulabu ya zamani, isiyo na kifungio. Mama Fidélie akaangalia tena, akasimama.

«Bamama, minye nilisema mbio. Carine iko na haki. Broshi ni ya zamani, pini tu njo ya juzi.»

Shangazi wakamvalisha Estelle. Mama mdogo yule alishika shela.

Tangu siku hiyo Mama Fidélie amekuwa akirudia kwamba meza ni ya Carine. Kamati inayosimamia Nyumba, kwa upande wake, inafikiria kuifunga na kukodisha mapambo mapya tu. Sisi wafanyakazi tumeieleza Kamati kwamba hilo litakuwa kosa. Mapambo mapya yapo kila duka. Anayejua kusoma kovu la pini tunaye mmoja, naye, meza ikifungwa, atarudishwa kwenye shela.

Mama Fidélie, asante kwa macho yako na kwa ujasiri wa kujisahihisha mbele ya watu. Uwe na afya na amani huko nyumbani kwako Panda, na wajukuu wasikunyime usingizi wa mchana.

Kamati bado haijakaa. Itakapoamua tutaandika hapa, liwe jina la Carine au liwe tangazo la kufunga.