Kumuaga Mzee Murjan, Mwenye Kitabu Chekundu

Mheshimiwa Diwani, ambaye kiti chako ndicho pekee chenye mto humu ndani. Bwana Meneja Okeyo wa kampuni yetu ya Mbayuwayu Air Cargo. Wazee wa Makina hapa Kibera, na wazee wenzangu mliokuja nami kutoka Kawangware. Mama Sitti, mama yetu sote. Mzee Murjan mwenyewe, na dada Nuria aliyetoka Kisumu na watoto. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi ambao hamkualikwa lakini mmefuata harufu ya pilau: salaam aleikum, na Bwana asifiwe, na kama kuna aliyebaki katikati, hujambo.

Naitwa Gichuru wa Thuo, wa Kawangware, plot yenye geti la bluu, huwezi kuikosa. Huu ni mwaka wa kumi na nane napakia ndege kule Wilson. Mizigo iliyopita juu ya bega hili imefika Mwanza, Lodwar, Lamu, na mahali pengine ambapo mpaka leo sijui kama ni mji au ni kosa la karani. Mimi mwenyewe nimefika Juba, ingawa sikukusudia. Nilikuwa nimelala kati ya maboksi, nikashuka na ovaroli na ndala. Mzee Murjan hapa, ambaye babu yake alitoka Sudan na bunduki ya Mwingereza, hajawahi kufika huko. Mimi Mkikuyu nimefika. Wacheni kucheka, ni kweli, niliuza mpaka mshipi ndio nikarudi.

Sasa, nimeambiwa nimsifu huyu mzee kwa dakika kumi. Hotuba ya kumsifu nilikuwa nayo, iko kwenye mfuko wa kushoto, imejaa maneno ya Kiswahili safi ambayo sikuyaelewa nilipoyanakili. Lakini Jumanne iliyopita kuna kitu kilinichanganya kichwa, na tangu siku hiyo silali sawasawa, kwa hiyo leo nitasoma hii ya mfuko wa kulia, niliyoiandika mwenyewe. Darasa la nne ndilo la mwisho nililosoma, na hilo lenyewe niliacha katikati. Sentensi zikigongana, mnivumilie.

Mzee Murjan alikuwa anafanya kazi gani? Wengi hapa Makina mnasema alikuwa mpiga mihuri. Si hivyo. Kuna vitu ambavyo hapa chini ni rafiki wa nyumba, na vikipanda juu vinageuka. Bateri ya gari. Rangi ya ukuta. Stovu ambayo mtu ameimwaga mafuta ya taa yote lakini utambi bado umelowa. Vyote vimeandikwa kwenye kitabu chekundu, kinene kama tofali. Kila kimoja kina namna yake ya kufungwa, kina kibandiko chake cha pembe nne kinachosimama kwa ncha moja, na kina jirani ambaye hawezi kukaa naye. Tena lazima kiandikwe kwenye karatasi ambayo mkaguzi, yaani Murjan, anatia sahihi, na kapteni anaipokea mkononi kabla ya injini kuwashwa, ili ajue amebeba nini chini ya makalio yake. Kisichoandikwa hakipandi. Nilikuwa namwambia Murjan kwamba hiyo ndiyo swala yake ya sita, naye ananijibu, “Astaghfirullah, Gichuru, shika kamba.”

Mimi kitabu hicho kilinichanganya. Nisiwadanganye, nusu yake inanichanganya mpaka leo. Siku moja alirudisha mashine ya hospitali ya kupima presha, kitu kidogo tu, kina kioo na kijimaji cheupe ndani.

“Hiyo ni zebaki,” akasema. “Ikimwagika inakula ndege.”

“Inaikula kwa meno gani?”

“Cheka. Mwili wa ndege ni aluminiamu. Zebaki ikiugusa, unaoza kama mkate.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku nyingine akanikataza kuweka ile barafu ya moshi karibu na vifaranga vya kuku. Nikadhani anaogopa visipate homa. Kumbe barafu ile haiwi maji, inakuwa hewa, na hewa yenyewe inaviua kimya kimya, huku wewe ukifikiri vimelala. Sasa niambieni, ndugu zangu, mtu aliyezoea barafu ya bia atajuaje mambo hayo?

Haya. Mwaka wa sitini na tisa, Nuria alikuwa anaolewa Kisumu. Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka, reli ilikatika, barabara ikakatika, na baba ya bibi harusi, huyu Murjan, akakwama hapa Kibera kama sisi wengine. Ndege yetu ya Ijumaa ilijaa dawa na vifaranga mia sita, na kiti kilikuwa cha kapteni peke yake. Mtu hangeweza kwenda, lakini boksi dogo lingeenda.

Waliooa kwa Wanubi, watu wa Murjan, wanajua kwamba kuna manukato ya harusi ambayo hayanunuliwi dukani. Mama Sitti, mamake Murjan, aliyachanganya kwa mkono wake, msandali, karafuu, miski na vingine ambavyo hajaniambia, akayafunika siku arubaini. Ijumaa hiyo akaja Wilson kwa miguu, kwenye tope, mtungi wa kioo umefungwa kifuani kama mtoto.

“Murjan, mpe kapteni hii.”

“Mama, ina spiriti ndani.”

“Ina dua ndani.”

“Na spiriti, mama.”

“Basi wewe andika dua.”

“Kitabu hakina mahali pa dua.”

Ingeweza kwenda, hiyo ndiyo iliyouma. Kitabu hakikuikataza, kilitaka ifungwe kwa maboksi maalumu, na maboksi yale yalikuwa yamekwisha, mengine yangekuja Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Murjan akauweka mtungi stoo, akampa mamake chai, akaenda nyuma ya mizani. Mimi nikamfuata kutafuta kamba, nikamkuta mwanaume mzima anafuta macho kwa karatasi ya manifesti, ile orodha ya mizigo.

Nyinyi mnanijua. Mimi roho yangu ni kubwa kuliko akili yangu. Nikajiambia, Gichuru, wewe umefika Juba, utashindwa na Kisumu? Nikautoa mtungi stoo, nikayamimina manukato kwenye chupa nne za soda, nikazijaza mpaka mdomoni, kwa sababu mimi si mtu wa kupunja bibi harusi. Vizibo nikachonga vya gunzi la mahindi, kama tunavyoziba chupa za maziwa kwetu. Havikukaza. Nikachomoa uzi kwenye sweta yangu ya kijani, ile aliyonifumia mke wangu Wangoi, ile ambayo Wilson nzima walikuwa wanaitania kwamba mimi ni sukuma wiki inayotembea, nikavizungushia. Vikakaza. Nikazificha chupa chini ya majani ya vifaranga. Vifaranga vilikuwa vimeshakaguliwa. Murjan alikuwa ameshatia sahihi kwenye karatasi ya kapteni kwamba ndani ya ndege hakuna kitu cha hatari. Alipotia sahihi hiyo ilikuwa kweli. Ni mimi niliyeigeuza ikawa uongo, wino haujakauka.

Ndege ikaruka. Nikajisikia mtu mkubwa sana kwa dakika thelathini.

Juu ya Naivasha gunzi la kwanza lilifyatuka. Halafu la pili. Kapteni wetu alikuwa mvuta kiko, na alikuwa ameshakijaza, ameshatoa njiti ya kiberiti, akasikia harufu. Akaangalia karatasi yake, karatasi ikamwambia hakuna kitu. Alituambia baadaye kwamba karatasi ile ilitaka kumfanya aiwashe njiti, lakini pua ikakataa. Akarudi. Alishuka macho mekundu, njiti bado iko mkononi, hawezi kuiachilia, vidole vimeganda. Na vifaranga mia sita, ndugu zangu, vilitembea kwenye lami ya Wilson vikiangukiana kama watu wanaotoka kilabuni mwisho wa mwezi. Watu walicheka. Mimi nilimwangalia kapteni na ile njiti yake, nikashindwa kucheka.

Harufu ile nani asiyeijua? Meneja wa wakati huo, si huyu Bwana Okeyo, alinusa mara moja tu akasema, “Murjan, haya ni ya kwenu.” Mtungi mtupu uko stoo, jina la mamake liko juu yake, sahihi yake iko kwenye karatasi. Murjan akainama, akaingiza mkono kwenye majani, akautoa, akautia mfukoni. Nikadhani anaufuta. Akasema maneno matatu tu: “Sahihi ni yangu.”

Na mimi je? Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale. Nilifungua mdomo kusema, wallahi nilifungua, nikajisikia nauliza fagio liko wapi.

Walimwandikia barua. Akaondolewa kwenye ukaguzi miaka minne, akabeba magunia pamoja na mimi, mgongo wake ukiwa na miaka kumi zaidi ya wangu. Nuria, wewe uliolewa ukinukia kolonya ya dukani. Mama Sitti, wewe uliwaambia majirani kwamba mwanao ni mtoto mwema, alijaribu kukutii kwa siri wakamkamata, na kila ulipomsifu hivyo nilikunywa chai yako ikanikwama. Alikuwa amekukatalia, mama, kwa uchungu. Hakukutii, na hakuvunja sheria. Alipata adhabu ya kosa lisilo lake, na sifa ya utii usio wake.

Jumatatu iliyofuata ndipo kichwa changu kilipoanza kuchanganyika rasmi. Saa ya chakula Murjan akaja na kitabu chekundu, akakaa kwenye gunia karibu yangu.

“Gichuru, leo nitakusomea.”

“Mimi? Mimi ni wa bega, mzee.”

“Chupa ukiijaza mpaka mdomoni,” akasema, hata hanitazami, “huko juu hewa inakuwa nyepesi, kilicho ndani kinatafuta njia. Acha nafasi ya vidole viwili.”

Nikarudisha tonge la ugali kwenye sahani. Kwa nini ananiambia mimi? Anajua? Kama anajua, mbona hanipigi? Kama hajui, mbona ameanza na chupa, wala si bateri? Nilimkagua uso miaka kumi na miwili nisipate kibandiko chochote. Akanisomea kila siku ya kazi, mpaka nikaanza kusoma mwenyewe, mpaka nikapewa kalamu ya msaidizi, mpaka mwaka huu kampuni ikasema mkaguzi mkuu baada ya Murjan atakuwa ni nani? Ni mimi! Wangoi alipiga vigelegele geti la bluu likatikisika.

Jumanne iliyopita Murjan akanikabidhi kitabu chenyewe. Nikakifungua, kikajifungua mahali kilipozoea, kwenye ukurasa wa maji yanayoshika moto. Katikati ya ukurasa kulikuwa na hiki hapa. Naomba Mheshimiwa Diwani unipishe kidogo nikiweke mezani ili watu waone. Ni gunzi. Limebanwa mpaka limekuwa bapa kama senti. Na huu uzi, mnaouona ninyi wa mbele, ulikuwa wa kijani.

“Mzee,” nikamwambia, “hiki ni nini?”

“Alama ya ukurasa,” akasema. “Usiipoteze.”

Akaenda kuosha mikono.

Kwa hiyo alijua. Tangu siku ile mkono ulipoingia kwenye majani, alijua. Nimejaribu kulielewa jambo hili kwa siku tano nzima, na mimi ni mtu wa dunia, nimeona mengi, lakini hili ni kama ile zebaki, silielewi. Alininyamazia kwa sababu nilikuwa na watoto watatu wadogo? Alininyamazia kwa sababu nilifanya kwa ajili ya binti yake? Au aliona kwamba nikifukuzwa nitaenda kujaza chupa mahali pengine, afadhali nikae hapa nifundishwe? Mzee, usinijibu leo. Ukinijibu nitalia mbele ya Diwani.

Bwana Meneja, nimekaribia kumaliza. Barua ya utumishi utakayomsomea Mzee Murjan iko kwenye bahasha hapo mbele yako. Filister wa ofisini aliyeipiga chapa, na usimgombeze, mimi ndiye niliyemsumbua, ameniambia kwamba inasema ametumikia kwa uaminifu, isipokuwa tukio moja la mwaka wa sitini na tisa. Mstari huo ni wangu. Mzee huyu asiondoke nao kwenda kuwaonyesha wajukuu. Mpe barua isiyo na mstari huo, na mstari wenyewe unipe mimi, nitaubeba, bega bado lipo.

Kitabu nakiweka hapa juu ya meza, na kalamu ya ukaguzi juu yake. Mpe Musimbi, yule binti wa kaunta anayecheka pale nyuma, sasa ameacha. Amesoma mpaka kidato cha nne, na mara tatu mwezi huu amenikuta nimekosea akanirekebisha bila kunitangaza. Kama utaniacha nibebe magunia nitashukuru. Kama utanifukuza, geti la bluu nalijua njia yake. Ila kizibo naomba mniachie. Niliambiwa nisikipoteze.

Sijui kama nimemaliza hotuba au nimemaliza kazi. Mzee Murjan, nenda ukapumzike, umenikagua vya kutosha. Na nyinyi nyote mlionisikiliza mpaka hapa huku pilau inapoa, asanteni sana, Mungu awazidishie.