Namba Ndani ya Kola

Basi la kutupeleka melini lilikuwa limejaa masanduku. Mbele yangu fundi cherehani mmoja alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, ingawa hata hawakujuana, jinsi alivyojiandaa kwa safari. Alikuwa ameshona namba ya chumba chao ndani ya kola ya kila nguo ya wanawe watatu, wadogo wawili na binti wa miaka kumi na tano, hadi za kulalia. "Mdogo akipotea, mhudumu anageuza kola tu, anamleta." Niliionea huruma cherehani yake.

"Kwa wadogo sawa," alisema mama, ambaye alisafisha vyumba vya meli miaka tisa. "Lakini huyu wa miaka kumi na tano hapotei, kaka. Huyu anajificha. Mpe saa ya kurudi, mwambie asiingie chumba cha mtu, na akikuletea neno usimfokee."

"Nikimwachia, dada, si atapanda vile vyuma vya ukingoni mwa meli?"

"Ukimbana ndiyo atapanda."

Walivutana hivyo hadi bandarini. Binti mwenyewe, ambaye sote tulidhani anasikiliza muziki, akatoa vidude masikioni.

"Baba, tukipotezana tunakutana wapi?"

"Chumbani."

"Namba ngapi?"

Fundi akaanza kupekua mifuko akitafuta tiketi. Basi likasimama. Binti akainuka, akageuza kola ya shati la baba yake, nami nikaona mshono uliopinda, wa mkono unaojifunza.

"Mia nne na kumi na mbili," alisoma. "Nilikushonea jana, ulipokuwa unafunga masanduku."