Mvua Inanyesha, Chemchemi Imekauka

Kuyeni karibu, wajukuu wangu, mukae ku mukeka. Mwenye kutafuna mahindi ameze kwanza. Hii habari haipendi kelele. Ilikuwa mwaka ule vita ya Wazungu imeisha, na mulima wa moto unatapika kule upande wa Sake mpaka mbingu yetu ya Masisi ikawa nyekundu. Mvua ilinyesha siku ishirini bila kupumzika. Pale Burungu, ku njia panda, wazee walikuwa na benchi yao chini ya kibanda cha nyasi: shina la muti mukubwa, ule walikata juu ya chemchemi ili ng'ombe zipate majani. Mama Daphrose alikuwa anawapikia kahawa iliyovunjika, ile plantasio, shamba kubwa la Wazungu, haitaki. Nyiramahoro alileta maziwa kila alasiri, akakaa chini pembeni, kwa sababu ku benchi alikuwa baba ya bwana wake, muzee Makuza. Kwa desturi yao, muke aliyeolewa hataji jina la baba mukwe wake, wala hamupingi mbele ya watu. Miaka tisa lile jina lilikuwa halijapita mudomo wake.

Siku hiyo Daphrose alimimina kikombe kimoja tu.

— Hii njo yote. Muzunguke nayo. Mayi ya chemchemi imekatika. Tangu juzi ule mwanzi wa kutekea mayi hautoe hata mate.

— Imekatika na mvua hii yote? Capita akacheka. Jina lake Mbonigaba, lakini zamani alisimamia watu wa plantasio, na cheo kikamuganda. — Mi najua. Ule Muzungu wa kupima mashamba alipigilia vyuma ku mulima. Chuma inakunywaka mayi! Acha panga yako inje uone: itakunywa mpaka iwe nyekundu.

— Wapi! akasema Védaste, Katekisti wetu, mutu wa rozari. — Mulima wa moto iko na kiu. Moto ikiwaka kule chini, inavuta mayi ya milima yote. Inchi ikitetemeka, ni koo yake inameza.

— Na mvua ya mawe iliyovunja maharagi yangu? Capita akauliza.

— Ile ni mate. Imetema.

— Mate ya moto, na iko baridi? Katekisti, weye Padri alikubatiza na pombe.

Makuza alikohoa, wote wakamugeukia. Alikuwa mutu wa ng'ombe saba, na maneno yake yalipita kwanza, kama ng'ombe dume mulangoni.

— Munasumbuka bure. Chini ya dunia kuko ng'ombe dume. Akigeuza pembe, inchi inatetemeka. Akikojoa, mito inajaa. Akikasirika, anapumua moto. Sasa iko na kiu, anakunywa chemchemi yetu. Mumuache. Mayi ikimwagika haizoleki.

— Mukubwa, hiyo methali haiko ya hapo, Katekisti akasema.

— Methali ni kama ng'ombe. Inakula popote.

Walicheka mpaka benchi ikalia. Nyiramahoro hakucheka. Asubuhi, akishuka toka malishoni na kibuyu ku kichwa, alivuka ufa uliokata njia, juu kidogo ya rugo, lile boma lao. Jana ulikuwa wa kidole. Leo muguu wake ulizama mpaka ku kifundo. Na chini ya ule ufa kulikuwa nyumba ya muzee, zizi lake, na nyumba yake mwenyewe yenye watoto wawili.

Njo pale alifika mwanamuke kutoka Buleusa, kibuyu cha mafuta ya mawese mugongoni, kamba ku kipaji cha uso. Aliomba mayi ya kunywa.

— Mugeni aje, mwenyeji apone! Capita akamuambia. — Lakini leo, mama, utakunywa salamu tu. Chemchemi imekauka.

Mwanamuke alipangusa mvua usoni, akaangalia mulima muda murefu.

— Baba zangu, munisamehe. Mvua inanyesha kila siku. Kama mayi haitoke hapa, iko naenda wapi?

Capita alipitisha kikombe. Katekisti alishika rozari, asiitembeze. Kikombe kilifika kwa Makuza na mashapo tu. Mugeni akaaga, akaenda zake.

Nyiramahoro aliangalia lile shina walilokalia, akakumbuka mizizi yake ilivyokuwa imeshika mulima, na ule ufa unaokunywa mvua sasa. Akapiga magoti ku matope mbele ya baba mukwe wake.

— Papa, kuko ufa juu ya rugo. Tulale huku kwa Mama Daphrose. Leo tu, Papa.

Wanaume waliangalia chini kwa haya. Makuza hakupandisha sauti.

— Mutoto wangu, ule ufa ni alama ya kwato za ng'ombe. Haraka haraka haina baraka. Weye leta watoto huku kama unaogopa. Lakini ng'ombe zangu ziko nangoja, nani atazikamua? Kesho tutaangalia.

— Papa...

— Nimesema kesho.

Akaenda na fimbo yake. Nyiramahoro alikimbia akampita njiani, na kumpita mukubwa ni aibu. Nyumbani akabeba mutoto mudogo, akavuta mukubwa wake ku mukono. Akitoka alisikia muzee zizini, anabembeleza ng'ombe kwa majina yao, kila moja na lake.

Akawafikisha kwa Daphrose. Jua halijazama bado, mulima ulitoa sauti kama nguo inapasuka. Halafu ukashuka, pole, kama uji unaomwagika ku ukingo wa chungu, ukafunika rugo.

— Papa! Papa weee! Nyiramahoro akalia.

Wanaume wote waligeuka, kwa sababu kila mumoja pale alikuwa Papa wa mutu. Nyiramahoro aliona wanamuangalia yeye. Akaelewa.

— Makuza! akaita. Makuza! Makuza!

Hakuna aliyemukaripia. Daphrose alilipokea lile jina akaliita naye, kisha Capita, kisha Katekisti. Udongo haukuitika. Kesho yake mayi ilionekana tena: ilitoka chini kabisa ya ule udongo, nyekundu, inasukuma.

Ndama moja alikuwa amepotea inje. Huyo akarithiwa na Habiyaremye, bwana ya Nyiramahoro, aliporudi toka kazi yake Kashuga. Kikombe kilibaki kwa Daphrose, akakigeuza mudomo chini. Capita na Katekisti walirithi benchi nzima, lakini wakakaa chini ku majani. Na Nyiramahoro alirithi jina. Miaka tisa alilichunga, akalitoa siku moja tu, na mwenye kuliitika hayuko.