Magoti ya Mama Victoire katika Vyumba Vitatu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na anayepepeta mchele aupumzishe kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Victoire wa mtaa wetu wa Songo, mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyezikwa Jumanne. Miaka thelathini alibeba beseni la ndagala kichwani, kutoka bandari ya Kalundu mpaka sokoni. Malaria ndiyo iliyomchukua, si goti. Shikeni hilo: si goti.

Miaka mitatu iliyopita, hospitali tatu zilitaka kujua kama vyumba vyao vya kupimia mwendo vinasema neno moja. Kimoja hapa Uvira, kimoja Bujumbura, kimoja Bukavu. Wakatafuta mtu mmoja atembee katika vyote vitatu. Mama Victoire akakubali, maana aliambiwa ni kutembea tu.

Hakuambiwa habari ya kaputula. Mtu anabandikwa gololi ndogo zinazong'aa kwenye nyonga, magoti na vifundo. Kamera inafuata gololi, mashine inahesabu mguu umepinda kiasi gani. Na gololi haikai juu ya kitenge.

"Docta Damien," Mama akamwambia mpimaji wa hapa Uvira, "haya magoti yameonwa na Mungu na marehemu bwana yangu. Weye iko wa tatu."

Akatembea kama anayepeleka sadaka altareni. Damien akamwomba atembee kama siku zote.

"Basi nipe beseni."

Beseni hakuna. Wakampa ndoo ya kudekia. Akazunguka nayo kichwani mara moja, akaitua, mwendo wake ukawa umerudi.

Majibu yakatoka. Uvira: goti la kushoto limepinda digrii nne. Bujumbura: nane. Bukavu: kumi na tatu! Tena karatasi ya Bukavu ikaongeza kwamba asibebe tena mzigo kichwani. Goti moja, wasikilizaji, majibu matatu.

"Bila beseni nitakuwa nani hapa Songo?" akamwuliza binti yake, Noella. Wiki tatu beseni lililala uani, tumbo juu, na kuku wakalifanya baraza yao.

"Minye sikubadilisha miguu njiani," alisema kila jioni. Akashika rozari. Katikati ya rozari akakumbuka vidole. Damien alibandika gololi pembeni ya goti, juu ya mfupa. Binti aliyempima Bukavu aliibandika vidole viwili mbele zaidi.

Asubuhi alimkuta Damien mlangoni pa hospitali, hata kuketi hakuketi.

"Docta, goti halikupinda. Ni kidole kilipotea njia."

Damien akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akapiga simu Bukavu, akapiga Bujumbura, wakakubaliana mahali pa kila gololi. Noella akachukua kalamu ya bic, akamtia mama yake nukta sita, moja kila mahali pa gololi, na kila alipotoka kuoga alizikoleza. Mama akarudi vyumba vyote vitatu. Kule Bukavu yule binti akaja na pamba na alkoli, asafishe ngozi.

"Ukifuta hiyo, mwanangu, minye nashuka Uvira sasa hivi, na magoti yangu."

Binti akaweka pamba chini.

Tano. Tano. Sita. Kesho yake kuku walifukuzwa juu ya beseni.

Sasa, Jumanne, wamama waliouosha mwili wake walishtuka. Dada yake, Mama Charlotte, akaita, "Noella! Huu ni ugonjwa gani? Madoa ya buluu!"

"Si ugonjwa, mama mdogo. Ni nukta za hospitali. Hakuacha kuziweka. Alisema wanaweza kumwita tena siku yoyote."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na machozi yakaja humo humo. Noella akaomba bic. Akazikoleza zote sita, polepole. "Kule anakoenda," akasema, "wasimpime vibaya."

Noella, Mama Charlotte, na nyumba yote ya Songo, poleni. Bwana ampokee mama yetu na mwendo wake. Na weye unayesikiliza, kabla hujamwambia jirani yako kwamba amepinda, angalia kwanza kidole chako umekiweka wapi.