Barafu ya Saa Sita

Dereva wa basi la kwenda uwanja wa ndege alizoea kusikia ya watu na kujifanya hasikii. Leo alipunguza hata redio.

"Naondoka saa nne asubuhi, nafika saa tisa mchana. Saa tano tu," mama mmoja aliyekumbatia boksi la barafu lenye dawa ya mdogo wake alimwambia fundi wa ndege aliyeketi naye. "Barafu inatosha saa sita."

"Dada, hiyo saa tisa ni ya kwao, wako nyuma yetu kwa saa saba. Kilomita elfu kumi hizo! Utakaa angani saa kumi na mbili."

"Usinichurie! Tiketi imeandikwa saa tisa!"

"Tiketi haijakosea. Ila barafu haifuati saa ya kwao."

Basi likasimama mlangoni mwa uwanja. Mama hakushuka. Alikuwa akihesabu upya kwa vidole. Vyote kumi vikaisha, na ndege bado iko angani.