Chaja ya Polepole

DADA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Ni mimi, wifi. Mke wa mdogo wako. Shikamoo.

DADA: Marahaba, Mama Pacha. Ngoja nisimamishe cherehani... Haya. Kuna usalama?

MAMA PACHA: Usalama tu. Tumechoka, lakini tupo. Mama kaamkaje?

DADA: Hivyo hivyo. Upande uliopooza haujasogea. Chai kanywa nusu, nusu ikaishia kwenye shuka.

MAMA PACHA: Pole, wifi.

DADA: Nimeshapoa. Sema, maana una sauti ya mtu mwenye jambo.

MAMA PACHA: Ni hii chaja ya gari la umeme analoendesha mume wangu. Tajiri wa teksi kamtuma fundi umeme. Yuko hapa nje na maboksi mawili, ananiuliza afunge lipi.

DADA: Mumeo anasemaje?

MAMA PACHA: Ana abiria. Kasema "chagueni tu," akakata.

DADA: Huyo toka mtoto. Ukimuuliza chungwa au ndizi, anakuuliza nyinyi mnaonaje.

MAMA PACHA: [anacheka kidogo] Ndiye huyo huyo.

DADA: Hayo maboksi yana tofauti gani?

MAMA PACHA: Moja kubwa, ya kasi. Gari linajaa kwa saa moja, ila lazima waje wavute laini nyingine kutoka nguzoni. Tajiri kasema hilo halitusumbui sisi, analipa yeye. Nyingine ndogo, ya polepole. Hiyo haitaki laini mpya, fundi anasema anaifunga nyumba yoyote yenye umeme. Ila gari linakesha hapo mpaka asubuhi.

DADA: Sasa hapo unauliza nini? Chukua ya kasi!

MAMA PACHA: Mi nilikuwa naona—

DADA: Gari la biashara hilo, Mama Pacha, siyo la harusi.

MAMA PACHA: —naona hii ndogo inatosha. Kubwa inapata moto. Na hawa watoto wanashika kila kitu.

DADA: Si aiweke juu? Ngazi hana?

MAMA PACHA: Anayo. Halafu eti ya polepole inatunza betri.

DADA: Betri ya tajiri! Wewe unaionea huruma ya nini? ...Haloo? Unakwaruza.

MAMA PACHA: Nipo, wifi. Mtandao tu.

DADA: Nakwambia hivi. Saa hizi anapanga foleni kwenye kituo cha chaji mpaka watu wanalala. Anafika hapa macho yamekauka. Ukiwa na ya kasi, anapita kwako, anakula, gari linajaa, anakuja huku kwa mama mapema. Mpango si ndio huo?

MAMA PACHA: Ndio huo.

DADA: Sasa?

MAMA PACHA: Sasa fundi kasema... ya polepole...

DADA: Fundi, fundi! Mimi nakuuliza wewe. Kila mtu anataka ya kasi, wewe unang'ang'ania hiyo konokono. Kuna nini?

MAMA PACHA: Subiri nifunge mlango wa jikoni. [mlango unafungwa] Wifi, usinielewe vibaya.

DADA: Sema.

MAMA PACHA: Hiyo ya kasi, gari litajaa wakati anamalizia kula. Akinawa tu, anashika funguo. Hii nyingine... hawezi kuondoka. Lazima alisubiri.

DADA: Alale hapo kwako.

MAMA PACHA: Tangu mama aanguke, kwangu anakuja kubadilisha shati. Juzi mmoja wa pacha ananiuliza, "Mama, yule mjomba wa shati anakuja leo?" Nikacheka, wifi. Nikaingia bafuni nikalia.

DADA: Mama Pacha...

MAMA PACHA: Sikatai amuuguze mama yake. Kwani mimi mnyama? Ila nimechoka. Nalala katikati ya watoto wawili, huyu akikohoa yule anaamka, asubuhi kibarua kinanisubiri. Namtaka hata kama atakoroma tu.

DADA: Na mimi je?

MAMA PACHA: Najua—

DADA: Hujui! Mama asipogeuzwa usiku anatoka vidonda. Mwili wote kauachia, namwinua na nani? Mgongo huu umeinamia cherehani mchana kutwa. Huyo mdogo wangu ndiye mikono yangu ya usiku. Na wala siyo mikono tu.

MAMA PACHA: Nini tena?

DADA: Naogopa. Nyumba yote hii kimya, nimekaa nasikiliza kama anapumua. Naogopa linikute peke yangu.

MAMA PACHA: Hukuwahi kuniambia.

DADA: Wewe uliniambia la shati?

MAMA PACHA: Sikukwambia.

DADA: Haya. Chukua hiyo ndogo.

MAMA PACHA: Wifi, hapana—

DADA: Chukua! Mume ni wako. Watoto hawawezi kumwita baba yao mjomba. Mama nitamgeuza mwenyewe.

MAMA PACHA: Utamgeuzaje?

DADA: Nitajua. ...Nani huyo anagonga hivyo?

MAMA PACHA: Fundi. Fundi, dakika moja! Nakuja, usifungue boksi! ...Wifi, kile chumba cha mbele mlichokuwa mnapangisha, kina mtu?

DADA: Kina vitambaa vyangu. Kwa nini?

MAMA PACHA: Na nje, chini ya dirisha lake, gari linafika?

DADA: Si ndipo anapoegesha kila siku? Mbona maswali—

MAMA PACHA: Namwambia fundi aje huko. Na lile boksi dogo. Alifunge hapo chini ya dirisha.

DADA: Huku? Na wewe je? Si utabaki vilevile?

MAMA PACHA: Toa vitambaa, wifi. Nakuja na pacha na godoro letu.

DADA: [anapenga kamasi]

MAMA PACHA: Haloo? Umenisikia?

DADA: Nimekusikia. Watapiga kelele hao watoto wako.

MAMA PACHA: Watapiga sana.

DADA: Mama anapenda kelele.

MAMA PACHA: Basi amepata. Salio linaniishia, wifi. Usimwinue mama peke yako jioni hii, nisubiri. Mfungulie fundi geti, na umwambie ile ya pole—

DADA: Haloo? Mama Pacha? ...Haloo? Imekatika. [anasogea kitandani] Mama. Mama, umesikia? Wanakuja kulala hapa. Wote, mpaka gari.